Gia ya Kitonga

Utingo hagusi gia. Sheria hiyo nilipewa Mafinga mwaka 1991, kabla hata sijaonyeshwa mahali pa kulala. Kazi yangu ilikuwa kupima oili na maji, kugonga matairi kwa nyundo kusikiliza kama yana upepo, kufunga turubai, kupika, na zaidi ya yote kukaa macho na kigingi. Lori likishindwa mlimani, utingo anaruka kabla halijaanza kurudi nyuma na kusukumia gogo chini ya tairi. Ukichelewa, hakuna wa kukulaumu, kwa sababu huenda hamtakuwepo.

Lori lenyewe lilikuwa Scania 111, lile la pua ndefu, ambalo kiwandani Sweden walikuwa wameacha kulitengeneza yapata miaka kumi nyuma. Tulibeba mbao za msitu wa Sao Hill kwenda Dar es Salaam, karibu kilomita 600, tukirudi na saruji au mabati. Dereva tulimwita Mzee tu. Alikuwa ameanza kazi barabara hii ikiwa bado vumbi na tope, walowezi wa Rhodesia walipojitangazia uhuru wao mwaka 1965 na Zambia ikalazimika kutafuta njia nyingine ya kwenda baharini. Mafuta yalikwenda Zambia kwa malori, shaba ikarudi Dar kwa malori hayo hayo, mengi yakiwa Fiat 682. Lami ilikuja kukamilika mwanzoni mwa miaka ya 70. Nayataja haya kwa sababu Mzee aliendesha Scania kama anayeendesha Fiat: giaboksi ya Fiat ile haikusamehe mtu, na aliyejifunzia humo hakubadilika tena.

Scania yetu ilikuwa na gia kumi. Tano za chini, kisha unabonyeza swichi ndogo iliyo kwenye mti wa gia, upepo unapiga "chii!" huko nyuma, na mti unaurudisha pale pale ilipokuwa ya kwanza. Sasa hiyo ni ya sita. Mgeni akiangalia mkono wa dereva haelewi kitu, maana mahali pamoja pana gia mbili. Ndiyo maana Mzee alinikataza kuangalia.

"Dogo, mkono wangu una nini? Sikiliza injini."

Basi nikawa nafumba macho. Tukitoka Mafinga kuelekea Ifunda na Tanangozi, barabara inapanda na kushuka taratibu, nami nataja kwa sauti: ya saba, ya nane, karudi ya saba. Nikikosea, hajibu. Nikipatia, hajibu pia. Ila siku moja, kabla hajaigusa klachi, nilisema, "Mzee, inaomba ya sita," naye akageuka kunitazama. Kwa mtu wa aina yake hiyo ilikuwa shahada.

Baada ya hapo akaniruhusu kugusa gia. Mazoezi ya mikono tuliyafanya ndani ya msitu, lori likiwa tupu, tukisubiri zamu ya kupakia. Sinkro za giaboksi yetu zilikuwa zimekwisha, na fundi alishasema vipuri vipo Dar kwa bei ambayo tajiri hakutaka kuisikia. Kwa asiyejua: ndani ya giaboksi kuna meno yanayozungushwa na injini na mengine yanayozungushwa na matairi. Yakikutana yakiwa na mwendo mmoja, yanaingia kimya. Yakipishana mwendo, yanalia mpaka wapasua mbao wanaacha msumeno kukuangalia. Sinkro ndiyo huyalinganisha. Ikifa, dereva anayalinganisha mwenyewe kwa klachi mbili.

Kupanda gia: kanyaga klachi, toa gia iwe frii, achia klachi, ngoja mlio ushuke, kanyaga tena, chomeka. Mzee alisema hapo unasubiri uji upoe, wala huharakishi. Kushuka gia ndiko kugumu, kwa sababu gia ya chini inataka injini izunguke zaidi. Kwa hiyo ikiwa frii, klachi ukiwa umeiachia, unapiga resi, unakanyaga tena na kuchomeka kabla mlio haujafa. Resi ndogo, meno yanalia. Resi kubwa, yanalia vile vile. Hakuna kipimo isipokuwa sikio, na mshale wa raundi kwenye dashibodi yetu ulikuwa umelala siku nyingi.

Leseni niliipata, na sina mengi ya kusema juu yake. Niliendesha gari dogo uwanjani, nikajibu maswali ya alama za barabarani, basi. Kilichobaki kilikuwa mlima wa Kitonga.

Anayepanda Kitonga kutoka Ruaha Mbuyuni anaogopa kuchemsha injini. Anayeshuka na mzigo ana hofu nyingine kabisa. Upande mmoja ukuta wa mlima, upande mwingine bonde, na kona zinafuatana. Breki za drami ukizikalia zinapata moto, lainingi zinaanza kunuka, kisha unakanyaga na gari halisikii. Ukipapasa breki kila mara, upepo kwenye tangi unapungua. Kinacholishika lori ni injini yenyewe, ikiwa ndani ya gia. Na gia hiyo lazima uwe nayo tangu juu, kwani ukijaribu kuibadilisha katikati ya mteremko, ukaitoa ikawa frii, lori linakimbia, mwendo wa meno unaachana, na hutairudisha tena.

Wapo walioshuka frii kwa makusudi. Dizeli iliyobaki tangini iliuzwa njiani, ikawa hela ya supu. Mabaki ya baadhi ya malori yao tuliyaona bondeni.

Siku yangu ilipofika, tuliipita Ilula, na kabla ya ukingo Mzee akasimama pembeni.

"Unashuka na ngapi?"

"Ya tatu, Mzee."

"Kwa nini si ya nne?"

"Mbao ni mbichi. Tuna uzito."

Akateremka, akazunguka mbele ya pua ya lori, akapanda upande wangu na kukiweka kigingi miguuni pake. Nikashuka na ya tatu, injini ikinguruma, mabasi yakitupita kwa honi za dharau. Breki niliigusa kwenye kona tu. Mpaka chini Mahenge hakufungua mdomo, na Ruaha Mbuyuni chai alilipa yeye.

Leo malori mengi hayana klachi ya mguu. Volvo wameuza I-Shift tangu 2001, Scania wana Opticruise, na vijana wanafika Tunduma bila kujua klachi mbili ni kitu gani. Sioni ubaya wowote. Magoti yangu yangelishukuru sana gari la namna hiyo. Ila mashine inaweza kubadilisha gia wakati usioutaka. Magari hayo yana sehemu ya kuchagua gia kwa mkono na kuizuia isipande. Ukiwa na mzigo, itumie kabla ya ukingo wa Kitonga, na wenye haraka waache wapite.