Stourhead, Bustani ya Mwenye Benki

Katika jimbo la Wiltshire, kusini-magharibi ya Uingereza, iko nyumba kubwa ya mawe iitwayo Stourhead. Bondeni karibu nayo iko bustani yenye sifa kubwa. Mgeni ashukaye bondeni huona daraja la mawe, kisha ziwa tulivu, na ng'ambo ya maji hekalu lenye nguzo na kuba. Aweza kudhani kwamba ziwa na misitu vimekuwapo tangu kuumbwa kwa nchi. Sivyo, ni kazi ya mikono ya watu.

Mwaka 1717 Henry Hoare, mwenye benki wa London, aliununua ugawa huo, akaibomoa nyumba ya kale na kujenga mpya. Mwanawe, aliyeitwa Henry pia, ndiye aliyeanza bustani katika miaka ya 1740. Bonde lile lina chemchemi za mto Stour. Akajenga lambo la udongo kuyazuia maji, yakajikusanya mpaka yakawa ziwa. Pande zote akapanda miti, na kati ya miti akajenga pango na mahekalu kwa mfano wa yale ya Warumi wa kale. Njia izungukayo ziwa ilipangwa kwa hekima: hekalu huonekana kwa mbali, hufichwa na miti, kisha hutokea tena karibu.

Henry alifariki mwaka 1785, na miti mingi ikiwa bado haijakomaa. Mjukuu wake, Richard Colt Hoare, alipanda mingine, akaongeza nyumbani chumba cha vitabu na cha picha. Mwaka 1902 moto uliunguza sehemu ya katikati ya nyumba, ikajengwa tena.

Pigo kubwa zaidi halikuwa la moto. Harry, mwana wa pekee wa Sir Henry Hoare na Lady Alda, alijeruhiwa vitani Palestina, akafa mwaka 1917. Wazee wake wakabaki bila mtoto wa kumwachia mali. Mwaka 1946 wakaikabidhi nyumba na bustani kwa National Trust, chama kinachotunza mahali pa kale kwa faida ya watu wote. Mwaka uliofuata wakafariki wote wawili, siku moja.

Basi kivuli kilichokusudiwa ukoo mmoja sasa ni cha kila apitaye langoni, awe mkulima au karani.