Nyumba ya Mnyama Atambaaye

Mtu akijijengea nyumba mbaya huhama. Ndege akijenga kiota kibovu huruka akatafuta tawi jingine. Lakini nyoka au kinyonga aliyetiwa kizimbani hana njia ya kuhama. Hewa aliyopewa na seremala ndiyo atakayovuta mchana na usiku, na maradhi yakimpata hana kinywa cha kushtaki. Kwa sababu hiyo, msomaji wangu, mimi huona kwamba kujenga kizimba ni kazi ya uadilifu kabla ya kuwa kazi ya ufundi.

Sikuambii uende kichakani na gunia. Sheria ya wanyamapori ya Kenya ya mwaka 2013 haimruhusu mtu kufuga mnyama wa porini bila kibali. Kazi hiyo ina watu wake, kama wale wa shamba la nyoka la Watamu, lililoanzishwa na James Ashe mwaka 1980, ambao huelimisha watu juu ya nyoka. Hata hivyo, elimu ya kuchagua mbao na vya kuzibia nyufa ni akiba njema, na pengine siku moja utaitiwa kazi hiyo.

Yafaa kwanza umjue mpangaji kabla ya kumjengea. Mnyama atambaaye hapati joto la mwili kutoka ndani yake kama sisi. Hulipata nje, juani au juu ya jiwe lenye moto. Basi kizimba chake hapana budi kipashwe joto upande mmoja, na upande wa pili uachwe baridi ili achague mwenyewe. Tena wengi wao huhitaji unyevu wa kutosha ili waweze kujivua gamba bila taabu. Tazama sasa: joto, unyevu na kufungiwa vimekutana ndani ya sanduku moja. Joto huamsha mvuke uliolala katika mbao na rangi. Unyevu huvimbisha na kuozesha. Kufungiwa huzuia mvuke usitoke.

Mwangati, ambao wengine huuita mtarakwa, ni mti wa fahari. Hauliwi upesi na mchwa, na harufu yake hupendeza pua. Lakini sifa hiyo ndiyo inayonifanya niukatae kwa kazi hii. Mafuta yanayowafukuza wadudu hayawezi kuwa manukato kwa kiumbe alalaye katikati yake. Msonobari mbichi wenye utomvu nao haufai. Mbao zilizotiwa dawa ya shaba, kromu na aseniki, kama nguzo za ua zenye rangi ya kijani kijani, ziache uani. Mbao za unga wa miti ulioshindiliwa kwa gundi ni rahisi kwa bei, lakini ukingo uliokatwa hunywa maji ukavimba kama mkate. Mimi huchagua plaiwudi iliyoundwa kwa gundi isiyoogopa maji, na kioo upande wa mbele. Wavu wa waya sipendi kuuweka mbele, kwa kuwa nyoka husugua pua yake hapo hata ikatoka damu.

Wako wanaotumia visanduku vya plastiki vinavyoingia katika rafu kama watoto wa meza. Ni vyepesi kuosha, wala haviozi. Lakini pengo kati ya kisanduku na rafu iliyo juu yake liwe dogo kuliko kichwa cha nyoka, na matundu ya hewa yatobolewe pande zote.

Sasa twende kwenye kuziba. Wahenga walisema usipoziba ufa utajenga ukuta. Na katika kizimba, ufa ni maficho ya utitiri wanyonyao damu ya nyoka, na ni mlango wa maji kuingia ndani ya mbao. Pembe huzibwa kwa silikoni. Ile inukayo siki hutoa asidi inapokauka, na harufu ikiisha haina madhara tena. Chagua ile inayotumiwa katika mahodhi ya samaki, isiyotiwa dawa ya kuzuia ukungu. Jua pia kwamba silikoni hukauka kutoka nje kuelekea ndani kwa kunyonya unyevu wa hewani. Kwa hiyo mstari mnene waweza kuwa mkavu juu na mbichi moyoni. Mbao zenyewe uzipake vanishi inayochanganywa na maji, mara mbili au tatu, ukipiga msasa kila koti likikauka.

Baada ya hayo yote huja kazi iliyo ngumu kuliko msumeno, nayo ni kungoja. Duka laweza kukuhimiza, na mwenye nyoka aweza kukuuliza kila asubuhi. Usikubali. Washa joto ndani ya kizimba kitupu, ukifunge siku nzima, kisha fungua mlango na uingize pua yako. Ukisikia harufu yoyote ya rangi au gundi, kiache wazi siku nyingine kadhaa, ukakijaribu tena. Malipo ya seremala hutolewa na mwenye mnyama, lakini kazi yake hukaguliwa na mnyama, naye hukagua kwa mapafu yake.