Maji ya Tanuf, Pini za Mtandio

Kutoka Maskati hadi Nizwa ni kilomita 160 hivi, na njia nzima macho yangu ya Unguja yalitafuta kijani yasikione ila kwa vipande. Mlima ni jiwe tupu, kisha ghafla shamba la mitende, kisha jiwe tena. Nizwa tukashika barabara ya Bahla, na baada ya muda mfupi mjomba wangu, aliyekuwa akiendesha, akakata kulia kuelekea mdomo wa bonde.

"Hii ndiyo Tanuf," akasema. Jina nilikwisha kulisoma Maskati, kwenye chupa za maji.

Tanuf ya kale imebaki kuta za udongo. Hapa palikuwa makao ya Sheikh Suleiman bin Himyar wa Bani Riyam, na katika vita vya Jebel Akhdar, miaka ya 1950, ndege za Kiingereza zilipiga mabomu mji huu. Maji ya falaji, mfereji wa kumwagilia mashamba, hayakukoma, bado yanapita karibu na magofu.

"Nilipokuja miaka ya sabini, wazee walikuwa wakinywa hapa hapa, kwa viganja," mjomba akaniambia.

Mimi ni muuguzi wa chumba cha upasuaji wa masikio, pua na koo. Nikiona watu wanakunywa maji ya wazi, nawaza ruba. Sikumwona hata mmoja Tanuf, lakini katika nchi kavu zenye chemchemi, toka Afrika Kaskazini hadi Mashariki ya Kati, madaktari wanamjua. Humezwa akiwa mdogo kama uzi, hujibandika puani au kooni, hunyonya na kunenepa. Mate yake huzuia damu kuganda, kwa hiyo mgonjwa hutokwa damu puani au hutema damu kwa siku nyingi, na anaweza kupewa dawa za kila namna kabla mtu hajamuuliza anakunywa wapi. Kumng'oa kwa nguvu kunaweza kuacha mdomo wake ndani. Daktari humlegeza kwanza kwa dawa ya ganzi au maji ya chumvi, kisha humkamata kwa koleo, akichunga asiponyoke akaingia njia ya hewa.

Nyumbani kwa mjomba tulipokelewa kwa kahawa, tende na halua. Binti yake alikuwa akijifunga mtandio mbele ya kioo, pini mbili zimebanwa midomoni.

"Mwanangu, zitoe hizo," nikamwambia.

"Ah, dada, ndivyo tunavyofunga sote!"

Ndiyo maana pini ya mtandio ni kesi inayojirudia kutoka Misri hadi Uturuki. Msichana anacheka au anakohoa, pini inavutwa na pumzi. Kichwa cha pini ni kizito, hutangulia kushuka, na ncha hubaki ikielekea juu, pale pale koleo la daktari linapopitia. Lazima ncha ikamatwe na kuingizwa ndani ya mrija ambao daktari huupitisha kwenye njia ya hewa, kabla ya kuvuta, la sivyo itachana njia ya hewa.

"Afadhali pini," nikamweleza mjomba, "inaonekana kwenye eksirei." Mbegu ya tikiti na karanga hazionekani. Mtoto hukohoa wiki nzima, akatibiwa pumu au homa ya mapafu, kumbe alipaliwa akila huku anakimbia.

Kutoa vitu kwa mrija si jambo la jana. Mjerumani Gustav Killian alitoa mfupa katika njia ya hewa ya mtu kwa mrija mwaka 1897. Baada yake Mmarekani Chevalier Jackson alihifadhi vitu 2,374 vilivyomezwa au kuvutwa kwa pumzi. Vimo katika jumba la makumbusho la Mütter, Philadelphia. Pini zimo tele.

Vitabu vyetu huziita kesi hizi za nadra. Nilipofika Tanuf nikaona unadra huo unategemea daktari anatoka wapi. Kwa aliyekulia kando ya chemchemi ruba si ajabu, na kwa mama wa binti anayefunga mtandio pini si ajabu. Basi swali la kwanza kwa anayetokwa damu puani liwe maji anayokunywa, na kwa mtoto anayekohoa liwe alichokuwa akila kikohozi kilipomshika. Vipimo vifuate.

Binti alizitoa pini midomoni, akazichomeka kwenye kitambaa cha meza. Mama yake akaniagiza niwaambie na wenzake wa shuleni.