Katika Nyumba Hii Hakuna Mwizi

Ndugu msomaji, iwapo ungeambiwa kwamba kesho alfajiri utaanza safari ya hatari pamoja na wenzako watatu, nawe huna budi kuamua leo utakuwa nani katika msafara huo, ungechagua nini? Mpiganaji mwenye upanga na ngao? Mchawi anayewasha moto kwa maneno? Mganga anayefunga majeraha? Au mwizi, yule anayenyata gizani na kufungua kufuli bila ufunguo? Usifanye haraka kujibu. Mimi nilifanya haraka.

Likizo yangu iliyopita niliitumia mjini Musoma, kwa dada yangu anayeishi Nyasho. Mumewe ni dereva wa lori, ambaye kwa miaka mingi amesafirisha pamba kutoka Bunda. Wana watoto wawili: kijana aliyekuwa amemaliza kidato cha nne na kungojea matokeo, na binti wa darasa la sita. Siku ya pili tu baada ya kuwasili, shemeji alinivuta kando.

“Shemeji, wewe umesoma,” alisema. “Zungumza na mpwa wako. Mimi nataka aendelee na masomo ya sayansi, awe daktari. Yeye ananiambia habari za chuo cha ufundi. Huyu mtoto anataka kupotea.”

Niliahidi kuzungumza naye. Jioni ile niliwakuta watoto wote wawili mbele ya kompyuta kuukuu ambayo baba yao aliinunua Mwanza. Walikuwa wakicheza mchezo wa safari za kubuni, na binti alikuwa akipaza sauti: “Mimi mchawi! Kaka mwizi!” Dada yangu akatoka jikoni na mwiko mkononi. “Katika nyumba hii,” akasema, “hakuna mchawi wala mwizi!”

Nilicheka, lakini nilimwelewa. Kwetu maneno hayo mawili si ya mzaha, na hakuna mzazi ambaye angefurahi mwanawe ajitwike mojawapo.

Yafaa nieleze asili ya michezo hii. Mwaka 1974 Wamarekani wawili, Gary Gygax na Dave Arneson, walitoa mchezo uitwao Dungeons & Dragons, uliochezwa mezani kwa karatasi, penseli na dado. Hapo mwanzo mchezaji alichagua mmoja kati ya watu watatu: mpiganaji, mchawi au kasisi mwenye uwezo wa kuponya. Mwizi aliongezwa mwaka 1975. Mwaka 1981 vijana wengine wawili wa huko huko, Andrew Greenberg na Robert Woodhead, walitoa mchezo wa kompyuta uitwao Wizardry, ambamo mchezaji aliongoza msafara wa watu wasiozidi sita ndani ya mapango. Tangu hapo michezo ya namna hiyo imekuwa mingi mno, lakini swali la kwanza katika mingi kati yake ni lile lile: wewe ni nani?

Wapwa zangu waliponiuliza swali hilo, nilijibu papo hapo: mpiganaji. Nani asiyependa kuwa na nguvu? Nikatwaa upanga, nikawatangulia wote pangoni kwa mbwembwe. Katika chumba cha pili niliona sanduku la hazina, nikalifungua. Mshale wenye sumu ukanitoka usoni, na safari yangu ikakoma hapo.

“Mjomba,” kijana alinieleza kwa upole, “ungemngoja mwizi. Mwizi hapigi mtu wala haibi cha mtu humu. Yeye anachungulia kufuli, anatafuta uzi wa mtego, anautegua. Wenye nguvu wakimtangulia, wanakufa kama ulivyokufa wewe.”

“Na kwa nini wewe unampenda huyo siku zote?”

Alifikiri kidogo. “Kwa sababu anajua kitu kimefungwaje ndani.”

Ndipo nilipotazama meza ile vizuri. Kando ya kompyuta kulikuwa na redio mbili za majirani zilizofunguliwa migongo, simu tatu, na chuma cha kulehemu. Nikakumbuka kwamba kompyuta yenyewe, kama alivyoniambia dada, ilikuwa imekufa mara mbili, na mara zote mbili kijana huyo ndiye aliyeifufua. Nilikuwa nimetumwa nimshauri, na sikuwa na neno la kumshauri.

Jumapili tulikwenda Butiama, shemeji, kijana na mimi, kumjulia hali mzee wa ukoo wao. Tulimkuta chini ya mwembe akicheza bao na jirani yake. Nilitazama kwa muda mrefu. Bao lina kete 64, na hakuna kete iliyo mpiganaji wala iliyo mganga. Zote ni sawa, na uzito wa kila moja hutokana na shimo ilipoangukia. Niliwaza kwamba pengine ndivyo wazee wetu wengi walivyoishi: mtu aliangukia shamba la baba yake, basi akawa mkulima.

Lakini Butiama hiyo hiyo inatoa na mfano wa pili. Kutoka hapo mtoto wa Chifu Burito alipelekwa Shule ya Mwisenge, Musoma, mwaka 1934. Mtoto huyo, Kambarage, naye alikuja kuwa mpenzi wa bao. Alipokua, Mwalimu Nyerere alipenda kueleza kwamba ualimu aliuchagua mwenyewe, lakini siasa zilimkuta kwa bahati tu. Mwaka 1955 aliacha kufundisha Pugu ili aitumikie TANU. Hata hivyo, jina aliloendelea kuitwa hadi kufa kwake mwaka 1999, na tunalomwita hata leo, ni la ile kazi aliyoichagua.

Usiku ule, tuliporejea Nyasho, binti alimkaba baba yake: “Baba, leo na wewe ucheze. Chagua!” Nilidhani shemeji, mtu wa miraba minne mwenye sauti ya ngurumo, angenyakua upanga. Hakusita hata kidogo. “Mganga,” alisema. Akacheza hadi saa nne ya usiku, na kila mmoja wetu alipojeruhiwa yeye aliacha mambo yote akamkimbilia. Kijana alitegua mitego, binti aliwasha moto, nami nilisimama mbele kupokea mapigo, safari hii nikingoja niambiwe pa kukanyaga. Dada yangu alijifanya anakunja nguo, lakini nilimwona akichungulia.

Asubuhi ya kuondoka, shemeji alinipa nafasi katika lori lake hadi Bunda, ili nipande basi la Mwanza hapo. Tulikunywa chai kandokando ya barabara. Bila kuulizwa, aliniambia kwamba alizaliwa karibu na hapo, katika nyumba ya wakulima wa pamba. Kwamba mdogo wake alifariki kwa homa wakati zahanati ilikuwa mbali. Na kwamba tangu siku ile alitaka kuwa mganga. Alimaliza darasa la saba, hakuchaguliwa kwenda sekondari, akajifunza gari.

“Jana nilikuwa mganga,” alisema, akitazama kikombe. “Miaka yote nilidhani ni mtoto ndiye anayeutaka udaktari. Kumbe ni mimi.”

Nilinyamaza. Baada ya muda aliongeza: “Fomu ataijaza mwenyewe. Mimi nitaweka sahihi.”

Ndugu msomaji, ukiniuliza leo katika michezo hii nampenda nani, nitakujibu kuwa bado ni mpiganaji, ila sasa namtaka mwizi atangulie na mganga awe nyuma yangu. Nawe uliye mzazi, kabla hujamchagulia mwanao upanga au dawa, keti naye jioni moja, ujichagulie kwanza wewe mwenyewe. Huenda ukagundua kwamba safari unayomlazimisha aende ni ile ambayo wewe hukupata nafasi ya kuianza.