Amani, Sindano ya Storey na Gamba la Kirusi

Basi la Amani likishaiacha lami ya Muheza, mashamba hukufuata pande zote mbili: michungwa kwanza, kisha minazi, na chini ya minazi mihogo. Nilichagua kiti cha dirishani kwa ajili ya hiyo mihogo. Mingi ilikuwa na batobato. Hata gari likiwa kwenye mwendo unauona ugonjwa: jani lina mabaka ya njano, limejikunja upande mmoja, na mche wenyewe umedumaa. Mjerumani Warburg aliueleza mwaka 1894 kutoka Afrika Mashariki hii hii, na maelezo yake yanahesabiwa kuwa ya kwanza kuchapishwa.

Nimeusoma ugonjwa huu kwa miaka mingi, hasa upande wa protini inayojenga gamba la kirusi chake, yaani kapsidi. Lakini Amani sikuwahi kufika. Nilitaka kupaona mahali ambapo watu waliifuatilia safari ya kirusi cha jamii hiyo ndani ya mwili wa mdudu wakati hakuna aliyekuwa amekiona kirusi chenyewe kwa macho.

Kuanzia Sigi, penye stesheni ya zamani ya reli ya Wajerumani, barabara inaanza kupanda kwa kona kali ndani ya msitu. Joto la Muheza linabaki chini. Abiria walianza kutoa makoti na kanga nzito kwenye vifurushi, mama mmoja nyuma yangu akamfunika mtoto kichwa. Ikaja harufu ya iliki, yakaja mashamba ya chai, halafu Amani yenyewe, kiasi cha mita 900 juu ya usawa wa bahari. Wajerumani walianzisha hapa taasisi ya biolojia na kilimo mwaka 1902, na baada ya Vita vya Kwanza vya Dunia ikaangukia mikononi mwa Waingereza. Wageni wengi hupanda mlima huu kutazama ndege, vinyonga na bustani ya mimea. Mimi nilimfuata H. H. Storey.

Storey alikuwa mtafiti wa ugonjwa wa milia ya mahindi. Kabla hajaja Amani, akiwa Afrika Kusini, alikwisha kuonyesha kwamba unaenezwa na kidudu kirukaji chenye urefu wa milimita tatu hivi, Cicadulina mbila. Hapa mlimani akakutana na jambo lililomsumbua: katika vidudu vya aina hiyo hiyo, vipo vinavyoambukiza na vipo visivyoambukiza kabisa, hata vikishinda kutwa nzima vikifyonza mahindi yanayoumwa. Akavizalisha koo kwa koo, akaona kwamba uwezo huo unarithiwa. Kizuizi kiko wapi, basi? Akachukua sindano nyembamba, akavitoboa tumbo vile visivyoambukiza, akavirudisha kwenye mimea. Baadhi vikaanza kuambukiza. Aliyachapisha matokeo hayo mwaka 1933.

Nilisimama kwenye ukungu wa jioni nikiiwaza kazi hiyo. Umshike mdudu wa milimita tatu bila kumponda, umtoboe utumbo, naye abaki hai, ale tena, ndipo umhamishie kwenye mche mzima na kusubiri milia itokee. Naiheshimu kazi ile kuliko nyingi zilizofanywa baadaye kwa mashine za bei kubwa, kwa sababu sindano ile ilijibu swali zima. Kirusi huingia kwa mdomo pamoja na utomvu, hufika utumboni, na hapo hukuta ukuta. Kikiuvuka huingia kwenye maji ya mwilini, huogelea hadi tezi za mate, na hutoka mdudu anapouchoma mmea mwingine. Kisipouvuka, safari imekwisha. Storey aliuona ukuta. Kilichobaki ni kujua nani ana ruhusa ya kuupita, na jibu lake limo kwenye gamba.

Gamba lenyewe lilionekana baadaye, na taarifa zake zilitoka tena Afrika Mashariki. Shughuli za utafiti za Amani zilihamishiwa Muguga, Kenya, na huko ndiko Kenneth Bock na wenzake, mwaka 1974, walikotoa taarifa za chembe za kirusi cha milia zilizokaa mbilimbili. Kirusi cha batobato kikadhihirika kuwa cha jamii hiyo hiyo ya mapacha. Mwaka 2001 wataalamu, Mavis Agbandje-McKenna mzaliwa wa Nigeria akiwamo, walichapisha umbo kamili la chembe ya kirusi cha milia.

Ni umbo ambalo sijaacha kulistaajabia. Chembe moja ina urefu wa nanomita 38 na upana wa 22. Imejengwa kwa protini ya aina moja tu, nakala 110, zilizojikusanya tano tano zikafanya mafundo 22. Gamba dogo la kawaida lingekuwa na mafundo 12 na kufungika lote. Hapa kila nusu ina mafundo 11, na pale penye pengo ndipo nusu mbili zinapokutana. Fikiria vitenga viwili vilivyoshonwa mdomo kwa mdomo. Ndani mna duara moja la DNA yenye uzi mmoja. Ncha ya mwanzo ya kila protini imejaa chaji chanya na imeelekea ndani, kwa hiyo huishika DNA, ambayo ina chaji hasi. Ncha hiyo hiyo ndiyo yenye alama inayoingiza protini katika kiini cha seli ya mmea, mahali kirusi kinapozaliana. Sehemu zinazochomoza nje ndizo zinazokutana na utumbo wa mdudu.

Wanafunzi wetu hufundishwa kwamba kapsidi ni kifuniko cha kuilinda DNA. Ni kweli, lakini kwa kirusi cha batobato kazi kubwa ni kusafiri. Ukikiondolea jeni ya gamba, bado kinaweza kuuenea mmea wa majaribio na kuuletea ugonjwa. Kinachokishinda ni kutoka hapo kwa nzi weupe, wadudu wanaokieneza. Mwaka 1990 watafiti walikivisha kirusi cha batobato gamba la kirusi cha viazisukari, ambacho hubebwa na vidudu virukaji. Kirusi chetu kikaanza kusafirishwa na vidudu virukaji, wadudu ambao hakikuwahi kuwapanda. Na kipo kirusi cha ua la Abutilon kilichokuwa kimepoteza uwezo wa kubebwa na nzi weupe. Mwaka 2001 kilirudishiwa uwezo huo kwa kubadilishwa asidi amino tatu tu za gamba lake. Tatu, kati ya mia mbili na hamsini hivi.

Hata batobato kali iliyoiangamiza mihogo ya Uganda katika miaka ya 1990 ilikuwa na alama yake hapo hapo: kirusi chake kilikuwa mchanganyiko wa virusi viwili, na kipande kilichopandikizwa kilikuwa katikati ya jeni ya gamba.

Kesho yake niliteremka kwa miguu hadi kwenye mashamba ya chini. Nilimkuta mama mmoja akipalilia.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu. Naona unaitazama mihogo yangu inavyoumwa."

Akaligeuza jani changa la juu. Nzi weupe, kila mmoja wa milimita moja hivi, wakaruka pamoja na kutua tena palepale. Chini yao walibaki watoto wao, bapa, wameng'ang'ania mshipa wa jani, midomo ikiwa imezama ndani. Nilimweleza kuhusu ukuta wa utumbo na gamba linaloupita. Alinisikiliza mpaka mwisho, kisha akauliza swali la mkulima: mbona shamba alilopanda upya, mbali na haya, limeota likiwa na mabaka tangu majani ya kwanza?

Pingili alizikata wapi? Alizikata humu humu. Pingili ya shina linaloumwa tayari ina kirusi ndani, nacho husafiri mgongoni mwa mtu bila kumhitaji nzi. Nikamsimulia kwamba hapo juu Amani, Storey na mtafiti mwenzake Nichols waliichanganya mihogo na mti wa mpira, jamaa yake, wakapata mbegu zinazostahimili, na kwamba damu ya mbegu hizo ilifika hadi Nigeria na kuingia katika mihogo inayolimwa leo sehemu nyingi za Afrika. Aulizie kwa bwana shamba mbegu stahimilivu, na kwa sasa achague mashina.

Tukapita mstari kwa mstari, yeye akifunga kamba ya mgomba kwenye kila shina lisilo na baka, ili msimu ukifika akate pingili kwenye hayo tu. Akauliza kama na jirani aambiwe. Nikamjibu ndiyo, maana nzi wa shamba lile watafika hapa. Akamwita jirani kwa sauti, ng'ambo ya mfereji.