Kukosekana si Kushindwa: Tafakuri juu ya Majibu ya Kiini cha Kompyuta

Katika mialo ya Mwanza, kuanzia Kirumba hadi Igombe, mnunuzi makini wa mtumbwi wa mbao haulipii kabla ya kuujaribu majini. Hutazama kama maji yanapenya katika maungio, hupakia mzigo aone unavyokaa, kisha hufika kwenye injini. Hapo anaweza kukutana na mojawapo ya hali tatu. Yawezekana mtumbwi hauna injini kabisa, kwa kuwa uliundwa kwa makasia na tanga. Yawezekana injini ipo, lakini mwenyewe ameifunga kwa mnyororo na kufuli. Yawezekana pia injini ipo na imefunguliwa, lakini kamba yake huvutwa wala haiwaki. Mnunuzi huyo hazichanganyi hali hizi. Ya kwanza haimzuii kuendelea kupima mbao na tanga. Ya pili humfanya amtafute mwenye ufunguo. Ya tatu ndiyo kasoro inayogusa bei.

Upambanuzi huu, ulio wa kawaida kabisa ufukweni, umewahi kuwasumbua watunzi wa programu za kompyuta. Ndani ya kila mfumo wa uendeshaji mna kiini, yaani sehemu inayopokea maombi ya programu na kuyatekeleza: fungua faili hili, andika pale, futa lile. Iko programu iitwayo fsstress, yenye asili yake katika kampuni ya Silicon Graphics, ambayo kazi yake ni kuutesa mfumo wa mafaili. Huunda mafaili, huyaandika, huyabadili majina na kuyafuta, kwa bahati nasibu na kwa wingi, ili kasoro ijitokeze mapema kabla ya kuangamiza kumbukumbu za mtu. Karani wa mwaloni anayetunza hesabu za mizani, au mtafiti aliyehifadhi sauti za wazee wa Ukerewe, huenda hajapata kulisikia jina la programu hiyo. Hata hivyo, usalama wa kazi yake hutegemea ukweli wa taarifa za vipimo vya namna hiyo.

Mwaka 2019 kiini cha Linux, toleo la 5.1, kiliongezewa njia mpya ya kusoma na kuandika iitwayo io_uring, na baadaye fsstress nayo ikafunzwa kuijaribu. Kiini cha zamani kisichoijua njia hiyo hujibu kwa msimbo ENOSYS, maana yake wito huo haumo. Watunzi wakaiagiza programu: ukipata jibu hili, iache njia hiyo na uendelee na nyingine, ukipata kataa nyingine yoyote, simama. Mwaka 2023 toleo la 6.6 likampa msimamizi wa kompyuta uwezo wa kuifunga njia hiyo. Palipofungwa, kiini kilijibu EPERM: njia imo, ila hairuhusiwi. Programu iliyofunzwa kutambua kataa ya aina moja tu ikasimama papo hapo, na mafaili yasiyohusika na io_uring nayo yakabaki bila kupimwa. Ikabidi ifunzwe na jibu la pili.

Lakini kuendelea kimya kimya nako kuna hatari yake. Mpimaji anayeruka asichokikuta, kisha akaandika kwamba mambo yote ni salama, amedanganya zaidi ya yule aliyesimama. Ndiyo maana mkusanyiko wa majaribio wa LTP unalo fungu la pekee, TCONF, kwa majaribio ambayo mazingira hayakuyaruhusu kufanyika. Fungu hilo si la kufaulu wala si la kushindwa.

Wanaisimu hawana sababu ya kuwacheka wahandisi. Mwaka 1952 Morris Swadesh alitoa orodha ya maneno ya msingi 200 ya kulinganishia lugha, na ndani yake yalikuwamo theluji, barafu, ziwa na bahari. Ichukuliwe kwamba orodha hiyo inapelekwa kwa mzee Msukuma aliyekulia kando ya ziwa hili, mita 1,134 juu ya usawa wa bahari na si mbali na ikweta. Akiulizwa ziwa, atajibu nyanza. Akiulizwa bahari, huenda akarudia nyanza ile ile. Akiulizwa theluji, anaweza kunyamaza. Akifikiwa na majina ya viungo vya mwili atanyamaza tena, safari hii kwa heshima mbele ya mgeni. Na liko neno analolijua vema ambalo siku hiyo limemponyoka tu. Mtafiti akiweka sifuri moja kwa ukimya wote huo, lugha ya mzee itaonekana fukara, ilhali ufukara uko katika dodoso. Swadesh mwenyewe alipoipunguza orodha hadi maneno 100 mwaka 1955, theluji, barafu, ziwa na bahari hayakubaki.

Kwa upande wa nyenzo, Kiswahili hakina upungufu. Ile -mo ya mahali pa ndani hutupa *haimo*, neno linaloeleza hasa maana ya ENOSYS: kitu hakikuwekwa ndani ya kiini hiki, na hakuna aliyekosa. *Imezuiwa* humwelekeza mtu kwa mwenye ufunguo. *Imeshindwa* hubaki kwa kitu kilichomo, kilichoruhusiwa, nacho hakikufanya kazi. Mfasiri wa programu anayeyafunika yote matatu kwa neno *imeshindikana* humnyima msomaji habari ambayo kiini chenyewe kilikwisha kuitoa.

Kuna na suala la kiambishi katika taarifa ya mwisho. *Haikupimwa* hulifunga jambo katika wakati uliopita. *Haijapimwa* huliacha wazi: kipimo hakijafanyika hadi sasa, na bado kinatarajiwa. Kwa njia iliyorukwa, kauli ya pili ndiyo ya haki, kwa kuwa kompyuta hubadilishiwa kiini na kufuli huweza kufunguliwa. Mnunuzi wa Kirumba hulijua hilo. Huondoka na mtumbwi wa tanga akiwa ameridhika na mbao zake, lakini hatamwambia mtu yeyote kwamba ameijaribu injini.