Jumamosi za Tancut

Jumamosi mchana nyumba yetu ya Mlandege ilinukia pasi. Baba mdogo aliitia makaa, akaipepea barazani mpaka cheche zikaruka, kisha akainyoosha suruali yake juu ya meza iliyotandikwa blanketi. Maji aliyapuliza kwa mdomo, pyuu, na mvuke wenye harufu ya kitambaa cha moto ukapanda hadi darini. Mama mdogo alikuwa chumbani na kitana cha moto na mafuta ya nazi. Mwezi wa sita upepo wa Iringa hauna huruma. Aliyekwenda dansini alitafuta koti kwanza, mambo ya urembo yakafuata.

Baba mdogo alifanya kazi Tancut, kiwanda cha kukata almasi. Mawe yalichimbwa Mwadui kule Shinyanga, yakaletwa kuchongwa huku kwetu kwenye baridi. Almasi yenyewe sikuiona hata moja. Niliyoijua ni bendi, Tancut Almasi Orchestra, na mtaani kwetu ukitaja Tancut watu walisikia magitaa kabla ya kukumbuka mashine.

Siku zile shirika la umma kuwa na bendi halikuwa jambo la ajabu. Dar es Salaam kiwanda cha nguo cha Urafiki kilikuwa na Urafiki Jazz, Shirika la Bima lilikuwa na Bima Lee, polisi nao walikuwa na Polisi Jazz. Vyombo vilikuwa mali ya mwajiri na mwanamuziki alisubiri mwisho wa mwezi kama karani. Jukwaani kiongozi alikuwa mwanamuziki, lakini nyuzi za gitaa na dizeli ya gari vilitegemea saini ya mtu wa ofisini ambaye huenda hakujua kucheza hata hatua moja. Mimi namheshimu mtu huyo. Sabuni na sukari tulizipangia foleni, naye akaona mji wetu mdogo unastahili tarumbeta.

Waimbaji waliotikisa mji walikuwa mapacha kutoka Zaire, Kasaloo Kyanga na Kyanga Songa. Sauti zao zilipokutana hukujua ipi imetangulia. John Kitime naye alipiga gitaa humo. Sisi watoto tuliwasikia mazoezini, siku za kazi, tukiwa tumeegemea ukuta kwa nje na madaftari mkononi. Gitaa la solo lilirudia kipande kilekile, likasimama, likarudia. Mtu akakohoa. Besi ikaingia, ukuta ukatetemeka mgongoni. Mwimbaji akajaribu neno, akalibadilisha, na wenzake wakamwitikia kwa chini kama watu wanaoongea jikoni.

Kisha siku moja kipande hicho hicho kilitoka redioni, Radio Tanzania Dar es Salaam, kikiwa kimekamilika na domo la bata, yaani saksafoni, limepambwa katikati. Wimbo wao "Nimemkaribisha Nyoka" ulipoanza, mama mdogo aliuacha mchi ndani ya kinu. Dansi la wakati ule lilikuwa mchezo wa kuigiza mzima: kwanza kisa kinasimuliwa taratibu, ubeti kwa ubeti, mtu analalamika, wenzake wanamjibu; halafu magitaa yanabadilika, chemko linaanza, na aliyekuwa analia naye anainuka kucheza.

Likizo moja nilipelekwa kwa shangazi, Mwanjelwa, Mbeya. Njia ile naiona hata sasa: misonobari ya Sao Hill yenye harufu ya utomvu, Makambako na ukungu wake na mahindi ya kuchemsha yanayopitishwa madirishani, kisha mteremko hadi Chimala ambako joto linakuvua sweta, mpunga umelala kijani hadi macho yachoke. Uyole baridi ikaturudia.

Kwa shangazi wali wa Kyela ulinukia hadi barabarani, na majirani walinisalimu "Ugonile" badala ya "Kamwene" ya kwetu. Nilijihisi mgeni mpaka gari la matangazo lilipopita sokoni na kipaza sauti chake, likisema Tancut Almasi wamefika. Jumapili kulikuwa na bugi la mchana, la watoto na vijana. Ukumbi ulijaa vumbi, jasho na harufu ya karanga za kukaanga, na nje ya madirisha mlima Loleza ulikuwa umejifunika mawingu. Walipoanza, Mbeya nzima iliitikia maneno niliyoyasikia yakitafutwa ukutani kwetu. Nilitaka kumshika kila mtu mkono nimwambie: hawa ni wa kwetu.

Miaka ya 1990 mashirika ya umma yalidhoofika, mengine yakabinafsishwa, mengine yakafungwa. Kiwanda chetu kilinyamaza na bendi ikasambaratika. Wanamuziki walitafuta riziki kwingine, wengi Dar es Salaam. Baba mdogo alihamia Ipogolo kulima vitunguu, na suti yake akampa mwanawe aliyekuwa anaoa.

Binamu yangu wa Mwanjelwa tunabishana hadi leo. Yeye anashikilia kuwa nyimbo zile zilinogea Mbeya, maana huko watu walicheza bila kuangalia saa. Mimi nasema Iringa. Sisi tulizijua kabla hazijaiva.